Nairobi–New York: kilomita ni zilezile, saa hazilingani

Ukiingiza Nairobi na New York kwenye kikokotoo cha masafa mtandaoni, utajibiwa papo hapo: kilomita 11,840 hivi. Kikokotoo hakiishii hapo. Kinagawa masafa hayo kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, kilomita 900 kwa saa, na kukupa saa 13 na dakika tisa. Halafu unafungua ratiba. Kenya Airways ilipoanza kuruka kwenda New York bila kutua njiani, Oktoba 28, 2018, ratiba iliyotangazwa ilikuwa na saa 15 za kwenda na saa 14 na nusu za kurudi.

Viwanja ni vilevile viwili, ndege ni ileile, majibu ni matatu. Wasafiri wengi hudhani ama kikokotoo kimekosea ama shirika linawapotezea muda. Hakuna aliyekosea. Kilomita ni mali ya dunia na hazibadiliki. Saa ni za upepo, za uzito, za serikali zinazofunga na kufungua anga zao, na kwa kiasi fulani ni za makarani wanaopanga ratiba. Zile karibu saa mbili zilizozidi ndizo ninazotaka tuzifuatilie zilikokwenda.

Lakini kwanza hizo kilomita zenyewe, maana nazo zina mambo yake. Chukua tufe, si ramani ya ukutani. Bana ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, kisha vuta mpaka ukaze. Uzi huo umelala juu ya kile ambacho wanajiografia hukiita duara kuu, na juu ya mgongo wa dunia hakuna njia iliyo fupi kuliko hiyo. Ufuate kwa kidole. Kutoka Embakasi, kilipo kiwanja cha ndege cha Nairobi, unaelekea kaskazini-magharibi kabisa, unapita jirani na Nakuru na Eldoret, unavuka mpaka karibu na Mlima Elgon, Mbale, halafu Gulu, na kuingia Sudan Kusini. Unakata pembe ya Darfur, unaivuka Chad kwa mshazari, unapita kaskazini mwa Niger na jangwa la Algeria mpaka Morocco. Hapo, mashariki kidogo ya Marrakesh, umefika nusu ya safari. Umemaliza kilomita karibu 6,000 na bado hujatoka Afrika. Wanaosema safari ya Marekani ni ya kuvuka bahari wanasahau kwamba nusu yake ni kulivuka bara hili, na ndiyo maana mambo ya Khartoum na Niamey yanamhusu abiria anayekwenda kumwona binti yake New Jersey.

Nusu ya pili ni maji, isipokuwa visiwa vya Azores vya Ureno ambavyo uzi unapita jirani navyo. Visiwa hivyo si pambo la ramani. Ndege yenye injini mbili inapovuka bahari hupangiwa njia isiyoitenga na kiwanja cha dharura kupita muda ilioidhinishiwa, na Lajes, kwenye kisiwa cha Terceira, ni kimojawapo cha viwanja hivyo. Agosti 24, 2001 ndege ya Air Transat iliyotoka Toronto kwenda Lisbon ilivujisha mafuta, ikazimikiwa na injini zote mbili, ikateleza angani kimyakimya mpaka ikatua hapo Lajes, na watu wote 306 waliokuwemo wakapona.

Kupita Azores uzi unaendelea kupanda kidogo hadi latitudo ya digrii 42 kaskazini, juu kidogo ya New York yenyewe, ndipo unainama na kuufikia mji kutoka upande wa mashariki. Kwa maneno mengine, ndege iliyoondoka Nairobi imeelekeza pua kaskazini-magharibi inafika ikiwa imeielekeza magharibi na kusini kidogo, ilhali haikukata kona popote. Ilikwenda moja kwa moja juu ya kitu cha mviringo.

Abiria anayetazama skrini ya kiti cha mbele haoni hivyo. Anaona mstari uliopinda kama upinde na anajiuliza rubani anazungukia nini. Kosa si la rubani, ni la ramani. Ramani tuliyoizoea darasani ina asili yake katika kazi ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, na aliichora kwa ajili ya mabaharia: ukipiga mstari kwa rula juu yake, utaufuata safari nzima kwa kushika upande mmoja tu wa dira. Kwa nahodha wa zama zile huo ulikuwa ukombozi. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta zinavutwa na kupanuliwa, na mstari ulionyooka kwenye karatasi si mfupi duniani. Mstari wa rula wa Nairobi–New York ungekupitisha Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Nigeria na Mauritania, na ungekuongezea kilomita 350 hivi. Si nyingi kwa safari hii, kwa sababu Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Kwa safari kama ya Tokyo na New York, miji ambayo yote iko mbali kaskazini, pengo kati ya mistari hiyo miwili ni kubwa zaidi.

Sasa tuzifuate zile saa mbili.

Sehemu ya kwanza inaliwa chini, kabla hata ya kuruka. Muda unaoandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoachana na lami. Unahesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho yake mpaka inaposimama kwenye maegesho ya ugenini. Katikati kuna kujikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, kupaa, na mwishoni kushuka taratibu na kupangwa foleni na waongoza ndege, jambo ambalo JFK, kiwanja cha New York, wanalijua vizuri mno. Ule mwendo wa kilomita 900, ambao ni kama asilimia 85 ya kasi ya sauti huko juu, ndege huupata ikishafika kimo chake tu. Ukiweka nusu saa kwa mambo yote haya hujapunja wala hujazidisha sana.

Mashirika nayo huongeza dakika zao za akiba. Ndege iliyoandikiwa saa 15 ikatumia saa 14 na dakika 40 inahesabiwa kuwa imewahi, na nahodha anatangaza hivyo kwa sauti ya furaha. Ingeandikiwa saa 14 na nusu, safari hiyohiyo ingekuwa imechelewa. Mimi siwalaumu sana, kwa sababu abiria mwenye ndege nyingine ya kuunganisha anafaidika na ukweli uliowekewa nafasi ya kupumua kuliko ahadi iliyobanwa. Ila ukisikia wametua mapema kuliko ratiba, usikimbilie kumpongeza rubani.

Sehemu ya pili inaliwa na anga zilizofungwa. Uzi wetu ulipita Darfur. Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 15, 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa safari za kawaida za abiria, na ikabidi ndege zizunguke. Uzi ulipita pia Niger. Agosti 6 mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, watawala wapya wa Niamey walifunga anga yao, na hawakuifungua hadi Septemba 4. Libya, iliyo kando tu ya mstari, mashirika mengi yameikwepa kwa miaka kutokana na vita vyake. Ukiziweka nchi hizo tatu kwenye ramani utaona zinavyofunga katikati ya Sahara kwa pamoja. Kilomita kati ya Nairobi na New York hazikuongezeka hata moja mwezi ule wa Agosti. Kilichoongezeka ni njia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Finnair. Shirika hilo la Finland lilijenga biashara yake kwa hoja moja ya kijiografia, kwamba Helsinki iko kwenye njia fupi kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki, ikipita juu ya Siberia. Safari ya Tokyo ilikuwa kama saa tisa na nusu. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Ulaya ikazifungia ndege za Urusi anga yake na Urusi ikajibu vivyo hivyo. Safari ileile ikawa ya saa kama 13, nyingine zikipita hadi juu ya Ncha ya Kaskazini. Mtu aliyekariri umbali wa Helsinki na Tokyo hakuwa na la kurekebisha kwenye daftari lake. Aliyenunua tiketi ndiye aliyejua kimebadilika nini.

Hata anga iliyo wazi si ya bure. Kila nchi inayopitiwa hudai ada, kwa kawaida kwa kutazama uzito wa ndege na umbali inaokwenda ndani ya anga hiyo. Hivyo mpangaji wa safari anaweza kuchagua njia ndefu kidogo yenye ada nafuu au upepo mzuri. Njia fupi kabisa kwenye tufe ni pa kuanzia mazungumzo tu.

Na upepo ndio wenye sehemu kubwa ya zile saa. Wazee wa pwani wangelielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Nahodha wa jahazi aliyetoka Zanzibar kwenda Muskat hakuanza kwa kuuliza ni maili ngapi. Aliuliza kama kusi imeshaanza kuvuma, maana kwenye kaskazi hata karibu kulikuwa mbali. Anayepanga safari ya ndege leo anafanya kazi hiyohiyo kila siku, akiwa na ramani za pepo za kimo cha mita 10,000 na zaidi badala ya kutazama mawingu ya upeo wa macho.

Huko juu, katika latitudo za kati, kuna mikondo ya pepo kali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na inazidi nguvu majira ya baridi ya kaskazini. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya maeneo ya ikweta na ya ncha, pamoja na mzunguko wa dunia unaoupinda upepo kuelekea mashariki. Mkondo mmojawapo hukaa karibu na latitudo 30, na katika miezi ya Desemba hadi Februari hupita juu ya Afrika Kaskazini, palepale uzi wetu unapopita Algeria na Morocco. Mwingine uko juu ya Atlantiki. Ndege ya kutoka Nairobi, ikishaacha ukanda wa ikweta wenye pepo za kiasi, inakutana na mikondo hiyo ana kwa ana. Ya kutoka New York inasukumwa mgongoni.

Nguvu yake ilionekana vizuri usiku wa kuamkia Februari 9, 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa inaikaribia Uingereza. Ndege ya British Airways, Boeing 747, ilitoka JFK na kutua Heathrow kwa saa nne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Haikuwa imevunja ukuta wa sauti. Mwendo wake ndani ya hewa ulikuwa wa kawaida; hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inasafiri nayo.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulikosea. Hudhani kwamba kwa kuwa upepo unakucheleweshea kwenda na kukuwahishia kurudi, mwisho wa yote hesabu inasawazika. Haisawaziki. Chukua upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa njia nzima. Kwenda, ndege ya kilomita 900 inakwenda kwa 840 juu ya ardhi, nayo inatumia saa 14 na dakika sita. Kurudi inakwenda kwa 960 na kutumia saa 12 na dakika 20. Jumla ni saa 26 na dakika 26. Pasingekuwa na upepo kabisa, kwenda na kurudi kungechukua saa 26 na dakika 19 hivi. Dakika saba zimepotea, na sababu ni kwamba unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ndani ya upepo unaokusaidia. Upepo ukiwa mkali zaidi hasara hukua haraka kuliko upepo wenyewe. Kwa hiyo mpangaji hangojei bahati. Akienda magharibi husogea kando ya mkondo hata kama njia itarefuka. Akirudi mashariki huutafuta mkondo na kuupanda. Njia ya kwenda na ya kurudi mara nyingi hazilingani hata kwenye ramani, na abiria aliyepiga picha ya skrini mara zote mbili anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe.

Tumeshapata sehemu kubwa ya tofauti yetu: dakika zaidi ya 50 kwa upepo wa kiasi tu, nusu saa chini na foleni, na baki ni mizunguko pamoja na akiba ya ratiba. Tunayo sasa picha ya saa 15. Lakini bado hatujauliza kama ndege inaweza kukaa angani saa 15 ikitokea Nairobi, na hilo ni swali zito kuliko linavyoonekana.

Ndege ya safari hii ni Boeing 787-8, ambayo kwa Kenya Airways ina viti 234. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni tani karibu 228. Shirika lilieleza wakati wa uzinduzi kwamba safari moja ingehitaji tani kama 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Kwa maneno mengine, ndege ikiruka imejaa, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni mafuta. Sehemu ya mafuta hayo ipo kwa ajili ya kubeba mafuta mengine: tani utakazochoma ukiwa juu ya Azores lazima uzibebe kuvuka Sahara yote, na kuzibeba kunachoma mafuta. Ndiyo sababu ndege nzito haipandi moja kwa moja hadi kimo cha juu. Huanza chini, halafu kila inapopungua uzito hupanda ngazi moja, na kuelekea mwisho wa safari iko juu ya pale ilipokuwa ikivuka Uganda. Juu ya mafuta ya safari huongezwa ya dharura: ya kukidhi upepo mbaya kuliko utabiri, ya kufika kiwanja mbadala kama JFK itafungwa, na ya kuzunguka nusu saa juu yake.

Sasa weka uzito huo wote mwanzoni mwa njia ya kurukia ya Nairobi. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, mabawa yanapata kidogo cha kushikilia na injini zinapata kidogo cha kuvuta, hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Joto huzidisha tatizo, kwa kuwa hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne na bado fizikia haisamehe: kwenye mwinuko, uzito unaoruhusiwa kuruka nao hupungua. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia kuliko abiria anavyodhani anapolalamikia ratiba ya usiku wa manane.

Anayetaka kuona mwinuko unavyoweza kuzigawa pande mbili za safari moja aitazame Addis Ababa. Kiwanja cha Bole kiko juu zaidi, mita 2,300 na ushei, na kutoka hapo hadi Washington ni karibu kilomita 11,500, pungufu ya safari yetu. Kwa miaka mingi Ethiopian Airlines imeruka kutoka Washington hadi Addis bila kutua, lakini ikienda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, Dublin kwa mfano. Kwenda kuna mambo mawili yanayopigana na ndege kwa wakati mmoja, hewa nyepesi ya kuondokea na upepo wa mbele, na kurudi yote mawili yanageuka upande wake. Umbali ni uleule kwa mita. Mwenye kuamini kilomita peke yake hana namna ya kueleza kwa nini abiria wa upande mmoja wanaamshwa Ireland na wa upande wa pili hawaamshwi.

Nairobi iliponea kwenye mwinuko. Kilichoichelewesha kwa miaka ni karatasi. Mwaka 2009 shirika la Delta lilikuwa limeshajiandaa kuanza safari za Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, na mamlaka za usalama za Marekani zikazizuia dakika ya mwisho. Februari 2017 ndipo mamlaka ya anga ya Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na hata hapo ilibaki kibali baada ya kibali hadi Oktoba ya mwaka uliofuata. Umbali ulikuwa umeshashindwa na teknolojia zamani.

Limebaki suala la saa za ukutani, ambalo huwachanganya watu kuliko yote yaliyotangulia. Ratiba ya mwanzo ilisema kuondoka Nairobi 23:25, yaani saa 5:25 usiku, na kufika New York 06:25, saa 12:25 asubuhi. Ukitoa moja kwa moja unapata saa saba, na wapo waliofurahi. Lakini kila muda kwenye tiketi ni wa mahali pale ulipoandikiwa. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo saba jumlisha nane: 15. Kurudi, ndege iliondoka 12:25, saa 6:25 mchana, na kufika 10:55 asubuhi ya kesho yake, saa 4:55 kwetu. Inaonekana ni saa 22 na nusu. Toa nane, zinabaki 14 na nusu. Kanuni ni hiyo tu: ukielekea magharibi ongeza, ukielekea mashariki punguza. Tatizo ni kwamba Wamarekani hubadilisha saa zao Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, sisi hatubadilishi, hivyo nusu ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti ni saba. Shirika halina budi kusogeza kuondoka au kufika kwa saa moja, na wenye mazoea ya kwenda uwanjani kwa kumbukumbu badala ya kwa tiketi hujikuta matatani.

Kuna jambo la ajabu zaidi kwenye safari hiyo ya usiku. Tuseme ni Desemba. Jua limezama Nairobi saa 12 na nusu jioni. Ndege inaondoka saa tano na ushei usiku, inakimbilia magharibi, na alfajiri inaifuata kwa nyuma. Katika latitudo ya New York uso wa dunia unazunguka kwa karibu kilomita 1,270 kwa saa, na ndege haifiki 900 ikiwa na upepo wa mbele, kwa hiyo mapambazuko yanaikaribia, lakini polepole. Inatua New York saa 12:25 asubuhi kungali giza. Jua linachomoza saa moja na robo hivi. Kwa abiria yule, tangu jua la Embakasi lilipozama mpaka alipoliona lingine, zimepita saa karibu 21. Ni usiku ambao hakuna mtu wa ikweta aliyezaliwa akiujua, na Mwislamu anayengoja wakati wa sala ya alfajiri humo ndani hawezi kutegemea saa yake ya mkononi iliyobaki na majira ya Nairobi.

Mwili nao una saa yake, nayo husogea kama saa moja kwa siku. Kwenda New York wengi huona nafuu, kwa kuwa kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Wanaorudi nyumbani ndio huonekana wamekaa sebuleni saa tisa usiku, macho makavu.

Na abiria wa Dar es Salaam? Hana ndege ya kwenda New York bila kutua. Uzi wake, lau ndege ingekuwepo, ungekuwa wa kilomita 12,440 hivi. Akipitia Nairobi anaongeza kama 70 tu, karibu si kitu. Akipitia Doha anakwenda kwanza kaskazini kilomita 3,800, halafu 10,770 nyingine kuelekea magharibi, jumla zaidi ya 14,500: ziada ya kilomita 2,000 na kitu, ambazo zinakula zaidi ya saa mbili angani. Kwa uzi na tufe, Nairobi inashinda bila ubishi. Lakini kutoka Doha ndege za New York ni nyingi, zinaruka kila siku na zimepangwa kupokea abiria wa asubuhi na wa jioni, wakati kutoka Nairobi ni moja, na kuna siku haipo kabisa. Ukitua Nairobi asubuhi unangoja hadi usiku; ukitua siku isiyo na safari unalala hotelini. Bei nayo haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa viti vilivyobaki na ushindani uliopo, na mara nyingi tiketi ya njia ndefu ndiyo huwa ya chini. Mtu wa Dar mwenye haraka ya kweli atazame kwanza siku ambazo ndege ya Nairobi inaruka, na saa ngapi atakaa akiingoja.